Gita la Baba na Swichi ya Katikati

Juzi nilipeleka hedifoni za mwanangu kwa kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na stesheni. Waya ulikuwa umekatika. Kijana akawasha pasi yake ya kulehemea, akaigusisha risasi, na ule moshi mwembamba ukapanda hadi puani mwangu. Weee! Nilishika kaunta kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa Kiswidi kama najisikia vibaya. Nikamjibu hapana, nimekumbuka jikoni kwetu Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, akanitazama kama nimemwambia nimefuga mbuzi bafuni. Sasa ningemweleza nini yule? Kwamba harufu ya risasi kwetu ilichanganyika na ya vitunguu vya kukaanga, na kwamba kwa majuma kadhaa ya utoto wangu niliamini mama yangu anawafungia watu ndani ya gita?

Ngojeni niwaeleze nyinyi basi, mliokulia huku kama mimi, mkisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiswidi, halafu mkapigwa jicho.

Baba alikuwa dereva wa basi. Siku za kazi alikuwa mpole kabisa, mtu wa kumwamkia kila abiria hata wale waliopita wamenuna. Lakini Jumapili, katika ule ukumbi tuliokodi kwa ibada, alikuwa mtu mwingine. Alivaa shati la maua, akapachika gita lake la umeme begani, na hapo hata mabega yake yalipanuka. Na hakuwa peke yake. Anayejua muziki wa Kongo anajua gita moja halitoshi. Kulikuwa na Papa Kasongo aliyepiga akompa, gita la chini linalozunguka palepale na kubeba wimbo mzima mgongoni. Kulikuwa na Mjomba Didier, Tonton kama tulivyomwita, wa mi-solo, gita la katikati, lile linalopiga porojo bila kunyamaza. Halafu juu yao Baba na solo yake. Wakifika kwenye sebeni, pale maneno yanapokwisha na magita yanabaki yenyewe, hata akina mama wenye magoti mabovu walitoka kwenye viti.

Kisha Papa Kasongo akahamia Göteborg kwa binti yake aliyejifungua mapacha. Haikupita muda Tonton Didier naye akapata kazi Norway, kwenye kiwanda cha samaki, akaaga akicheka na koti lake jipya la baridi. Wazee wa kwaya wakaona isiwe taabu, wakanunua kinanda chenye ngoma ndani. Unabonyeza kitufe, tu-tu-pa, tu-tu-pa, mpaka mwisho wa ibada. Baba alijaribu kupiga solo juu ya kile kidude Jumapili mbili hivi, halafu akaacha.

"Gita moja ni mtu anayecheka peke yake barabarani," alisema. "Watu wanakupisha tu."

Akaliweka gita kabatini nyuma ya makoti. Nyumba ikapoa. Alirudi kazini, akala, akaangalia habari, akalala. Siku moja nikamkuta analipiga picha kitandani, mbele na nyuma, kwa ajili ya kutangaza kwenye mtandao kwamba linauzwa. Mama hakusema neno mbele yake, na nyinyi mnajua kimya kingi kina mshindo. Alikwenda chumba cha kufulia kule chini, akampigia simu dada yake, nami nikiwa nakunja soksi nikamsikia vizuri.

"Akiuza lile gita nitabaki na dereva wa basi," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Na mimi sikuolewa na dereva wa basi."

Nikashtuka, maana mimi nilifikiri dereva wa basi ndiye huyo huyo. Lakini nilielewa kwamba Mama anaogopa, na Mama yangu hakuwa mtu wa kuogopa hovyo. Alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, asubuhi barafu asubuhi giza, na sijawahi kumsikia akiogopa chochote isipokuwa mbwa. Ikawa nami naogopa.

Sasa, binti mmoja wa kwaya, Dada Neema, alikuwa anaolewa na Mtanzania, harusi katika kitongoji cha Fisksätra. Upande wa bwana harusi walitaka muziki wa kompyuta. Mama akanyanyuka katikati ya kikao cha harusi, mbele ya wazee na mchungaji: "Mtoto wa kwaya hafunguliwi harusi na kompyuta. Papa Riziki atapiga." Riziki ni mimi, na Papa Riziki mwenyewe siku hiyo alikuwa zamu, anaendesha basi lake, hana habari.

"Umeniuza!" Baba alipiga kelele alipopata habari. "Nitapiga na nani? Na kivuli changu?"

"Utapiga na Kasongo na Didier."

"Kasongo yuko Göteborg!"

"Nipe gita," Mama alisema.

Lazima niseme kitu hapa. Babu yangu, baba yake Mama, alikuwa fundi wa redio kule Uvira, Kongo, na Mama alikulia chini ya meza yake ya kazi, akishika risasi na kupuliza vumbi. Redio ngapi alifungua kabla hajavunja ungo, Mungu ndiye anayejua. Huku Stockholm alikuwa ametengeneza kila kitu chenye waya katika jengo letu, hadi taa ya baiskeli ya mtoto wa jirani. Isipokuwa gita. Gita Baba hakuruhusu mtu aliguse, hata kwa kulipangusa.

Jumamosi ikafika. Mama akatandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, akalilaza gita kifudifudi, akashika bisibisi. Baba alisimama mlangoni na mikono kichwani.

"Mama Riziki, unampasua mtoto wangu."

"Mtoto wako anaumwa miaka yote na wewe unampigapiga tu."

Na kweli lilikuwa linaumwa. Gita la umeme, kama hamjui, lina sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, wapigaji wanaziita pikapu, na ndizo zinazosikia. La Baba lilikuwa na mbili, moja karibu na shingo na nyingine kule nyuma, lakini ya nyuma ilikufa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo swichi yake yenye nafasi tatu ilikuwa pambo tu. Mama akasema ni sawa na kuwa na nyumba ya vyumba vitatu halafu wote mkalala sebuleni. Alikuwa amekwenda hadi mtaa wa Tensta kwa mtu fulani kununua pikapu ya mitumba, ya kampuni nyingine kabisa, na kitufe cha sauti cha aina ya pekee. Kitufe hicho ukikizungusha kinapandisha sauti kama kawaida, lakini ukikivuta juu pikapu inafanya kazi nusu, na sauti inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Yote hayo alimweleza Baba huku anakwaruza nyaya kwa makali ya kisu, na pembeni vitunguu vinakaangika, kwa sababu kwetu Jumamosi chakula hakisubiri ufundi.

Akaonyesha swichi kwa ncha ya bisibisi. "Ukiweka juu, pikapu ya shingo peke yake, sauti nene. Huyo ni Kasongo. Ukiweka chini, ya nyuma peke yake, sauti kali. Huyo ni wewe. Katikati zote mbili pamoja. Hapo nitamweka Didier."

"Didier hawezi kukaa kwenye swichi."

"Atakaa. Na safari hii hatakuja kula kwangu kila Jumapili."

Baba alitaka kucheka, nikamwona, akajizuia. Kisha akainama kuangalia nyaya. "Una hakika na hizo rangi? Ilikuja na karatasi ya maelezo."

Karatasi ya maelezo ilikuwa kwenye sinki, imebeba maganda ya vitunguu.

"Noire ni masse," Mama alijibu kwa kile Kifaransa cha mafundi. "Nyeusi inarudi ardhini, nyekundu inabeba. Baba yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo kuliko huyu Riziki. Redio zote za Uvira zilikuwa hivyo. Unataka kumfundisha marehemu kazi?"

Nani angebishana na marehemu? Risasi ikayeyuka, moshi ukapanda, king'ora cha moshi kikalia mpaka Baba akapanda kwenye kiti kukipepea kwa taulo, na Mama hata hakuinua kichwa. Alikuwa ametoa ulimi nje kidogo pembeni, kama mimi nikiandika hesabu. Nilimpenda sana siku ile, nilimpenda hadi nikasahau kuogopa.

Lakini baadaye, jamani, akili ya mtoto! Nikalala kitandani nikaanza kujumlisha. Papa Kasongo amewekwa kwenye gita, na Papa Kasongo hayupo. Tonton Didier amewekwa kwenye gita, na Didier hayupo. Sikujali kipi kilitangulia, kuondoka kwao au bisibisi ya Mama. Jambo moja tu lilinikaa rohoni: nafasi ya tatu alipewa Baba. Mama mwenyewe alisema, "Huyo ni wewe." Basi Baba naye anaondoka, na pikapu imeshalehemewa.

Siku moja baada ya shule, Mama akiwa chini anafua, nilitoa gita kabatini nikaweka mdomo kwenye kile kitundu cha kuchomekea waya. "Tonton Didier," nikanong'ona, "unanisikia?" Kimya. Nikasogeza swichi ikalia tak, nikajaribu tena. "Papa Kasongo, shikamoo." Kimya. Nafasi ya tatu sikuithubutu. Niliifunga swichi kwa plasta ya jeraha, yenye picha za dubu, ili isiende kule chini, na Baba alipoiona akafikiri ni kazi ya Mama, Mama akafikiri ni ya Baba, ikabanduliwa bila kesi.

Siku ya harusi tulipanda treni ya Saltsjöbanan, spika ya gita tumeipakia kwenye kigari changu cha zamani cha kusukumwa nilipokuwa mchanga na kuifunika blanketi. Mama mmoja wa Kiswidi akachungulia amwone mtoto. Baba hakucheka. Alikuwa amevaa shati la maua lakini mabega yalikuwa bado ya dereva. Gita alikuwa amelijaribu nyumbani kwa sauti ya chini tu, juu na chini, na kukubali kwamba "si mbaya". Katikati alikataa kujaribu. Alisema hawezi kumsikiliza Didier jikoni.

Ukumbini kulijaa. Upande huu Wakongo na vitenge vyao, upande ule Watanzania wamekaa wanameremeta, wanasubiri waone hao waliokataa kompyuta wataleta nini. Kijana wa kwaya akashika ngoma, mwingine besi. Baba akaanza juu, kwa ile sauti nene ya akompa, na mwanzo ulikwenda vizuri, bibi harusi akaingia kwa mwendo wa kobe kama inavyotakiwa. Kisha maneno ya wimbo yakaisha. Sebeni ikabisha hodi. Nikaona mkono wa Baba unasita juu ya swichi.

"Katikati!" Mama alipiga yowe kutoka meza ya chakula, kijiko cha wali mkononi. "Weka katikati!"

Akaweka.

Haikuwa sauti tuliyoitarajia. Mama alikuwa ameahidi kwamba pikapu mbili pamoja zitatoa sauti iliyoshiba. Hii ilitoka nyembamba, kavu, ya puani, mtu aliyebanwa na mafua anayeimba kwa furaha. Besi yote ya gita ilikuwa imepotea. Baba akageuka kumtazama Mama, na Mama akashusha kijiko. Nilimjua mama yangu: alikuwa amesikia palepale kwamba kuna kitu amekosea. Lakini sebeni ikishaanza haina breki, na vidole vya Baba vilikuwa vimeshaondoka, vinapiga porojo za mi-solo kwenye ile sauti ya ajabu.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa bibi yake Neema, kizee wa watu ambaye nilikuwa najua anatembea kwa kushikwa mkono. Akapiga kigelegele. "Hii ni redio yetu!" alilia. "Jamani, sikilizeni, ni ile redio ya nyumbani!" Na kweli, watu wazima wote wa kwetu wakaangua kicheko cha kutambua. Ilikuwa ni sauti ya magita kama walivyoyasikia wao wakiwa wadogo, kupitia kile kispika cha redio ya betri iliyowekwa dirishani. Viti vikasukumwa. Watanzania nao, mnawajua hawachokozwi, wakaingia na vitambaa vyao vya mkononi, wakacheza ndivyo sivyo na kufurahi kupita sisi. Mchungaji alivua koti. Baba alifumba macho, na yale mabega, jamani, yakarudi. Nililia kwa furaha, na sikuwa najua bado kwamba watu hulia kwa furaha, kwa hiyo nikadhani naumwa tumbo.

Kurudi kwenye treni, hata hivyo, Baba aliketi na gita magotini. Mama ndiye aliyeongea.

"Katikati nimekosea mahali. Nitafungua tena, Papa Riziki. Nitarekebisha."

"Tutaona," Baba alisema, akaangalia dirishani. Nikaona ndiyo basi tena.

Siku iliyofuata kengele ya mlango ikalia. Alikuwa kijana wa Kiswidi mwenye ndevu nyekundu, kavua viatu tayari kwenye mkeka wa nje. Amekuja kwa ajili ya gita, waliandikiana na Baba, wamekubaliana leo. Baba alijipiga paji la uso. Alikuwa amesahau kabisa. Mama aliyekuwa akisonga ugali akaacha mwiko umesimama sufuriani. Ahadi ni ahadi, na Baba alikuwa mtu wa ahadi. Akaleta gita, akachomeka waya, akampa kijana kiti.

Kijana alijua kupiga. Akajaribu juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akajaribu chini, akasema safi. Akaweka katikati. Akakunja uso, akapiga tena, akalaza sikio juu ya gita.

"Kuna kosa hapa," alisema kwa Kiswidi. "Pikapu zinapigana. Moja imefungwa kinyumenyume, kwa hiyo zikiwa pamoja zinafutana sauti. Aliyeifunga amedhani waya mweusi ni wa kurudi, lakini kwa kampuni hii mweusi ndio unaobeba." Akatabasamu kwa wema. "Si tatizo. Nabadilisha nyaya mbili tu nikifika nyumbani."

Uso wa Mama ulishuka. Sijawahi kuuona hivyo. Marehemu babu, redio zote za Uvira, zote zilikuwa zimeanguka pale jikoni mbele ya mgeni mwenye soksi za bluu. Nami sikuweza tena. Nikaruka nikashika shingo ya gita, nikapiga kelele kwa Kiswidi kwamba asilichukue, kwamba Papa Kasongo yumo humo, na Tonton Didier, na baba yangu yumo kwenye nafasi ya chini, na akiondoka nalo hatutampata tena.

Baba alinitazama, akamtazama Mama, na nikaona kitu kinapita usoni mwake ambacho leo, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe, ndiyo kwanza nakijua. Alichuchumaa mbele yangu.

"Nani kakwambia mimi nimo humu?"

"Mama," nikasema, kamasi zinatiririka. "Alikuweka yeye."

Baba hakucheka. Alinifuta uso kwa kiganja, akasimama, akanyoosha mkono, na kijana akampa gita bila kuulizwa mara mbili. Akaiacha swichi palepale katikati. Akapiga sebeni ya jana, ile ya mafua, polepole kwanza kisha kwa kasi, hadi vikombe vikacheza kabatini na kijana akaanza kutingisha kisigino bila kujua. Alipomaliza alizima spika.

"Haliuzwi," alisema. "Nisamehe kwa kukusumbua."

"Lakini lina kosa," kijana alisema.

"Ndiyo. Karibu chakula."

Kwetu mgeni hatoki na mikono mitupu wala tumbo tupu, na huyu alikula ugali na sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, hadi akalegeza mkanda, akaondoka na kopo la mandazi badala ya gita. Mlango ulipofungwa, Mama alikwenda moja kwa moja kwenye droo, akatoa pasi ya kulehemea. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwamba hawezi kulala na aibu ile, kwamba ni nyaya mbili tu, dakika moja, alete gita arekebishe.

Baba akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mke wangu," alisema, "ukiugusa huo waya, mimi na wewe tutafikishana kwa mchungaji."